Shamba la Kuazima

Katika miaka yote niliyofundisha nilikuwa na desturi moja ambayo wanafunzi waliichukia. Mtoto akiniletea habari, nilimwuliza kwanza: "Uliona au uliambiwa?" Akijibu kwamba aliambiwa, nilimrudisha kwa aliyemwambia, na mara nyingi hakurudi tena. Sasa nimestaafu, naishi katika nyumba ndogo Karatu mjini, na masikio yangu yamepungua nguvu. Swali lile sijaliacha. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona mwenyewe, na pale nilipoambiwa nitasema niliambiwa na nani.

Habari hii inamhusu dada yangu, mtoto anayenifuata kwa kuzaliwa. Ni mjane. Anaishi Rhotia, juu mlimani, katika mji wa marehemu mume wake. Chini ya mji huo, kandokando ya korongo, lipo shamba tambarare lenye udongo mweusi. Mahindi ya juu yakikauka, ya bondeni hubaki na unyevu. Na maharage ya bondeni ndiyo yaliyomfikisha dada yangu mwaka hadi mwaka tangu alipobaki peke yake. Watoto wake wako Arusha, nao walishamwambia mara nyingi ahamie kwao. Jibu lake lilikuwa moja. "Sitahamia kwenye kochi la mtu," alisema, "hata kama mwenye kochi nilimzaa mimi." Kwa hiyo anayesoma aelewe tangu sasa: aliyempokonya dada yangu shamba la bondeni alikuwa anampeleka kwenye kochi.

Sehemu ya shamba hilo, nusu ya chini, shemeji yangu alikuwa amemwazima rafiki yake aliyetoka upande wa Mbulu na familia yake akitafuta mahali pa kuanzia. Kwetu kuazimana shamba si jambo la ajabu. Mtu mwenye eneo kubwa na mikono michache humpa mwenzake sehemu alime. Hakuna kodi, hakuna karatasi, wala hakuna shahidi anayeitwa, kwa sababu kumwita shahidi ni kumwambia rafiki yako mbele ya watu kwamba unamtilia shaka. Nimewasikia wageni wakituita wazembe kwa hilo. Si uzembe. Ni heshima, na heshima ile ile ndiyo inayotufilisi.

Watu hao wawili walilima bega kwa bega wakazeeka. Shemeji alitangulia kufa, rafiki yake akafuata. Shamba likabaki mikononi mwa mtoto wa yule rafiki, kijana anayeendesha magari ya watalii kwenda kreta ya Ngorongoro, mwenye miwani myeusi na salamu nzuri. Kwa muda alilima kama baba yake alivyolima. Kisha siku moja lori likamwaga mawe pale chini, akaja fundi na kamba zake, na ikajulikana kwamba kijana anajenga kempu: mahema ya kulala wageni, na jiko la mawe kwa ajili yao, kwa kuwa kutoka pale mtu huuona msitu wa Ngorongoro wote asubuhi ukungu unapopanda.

Dada aliteremka. Maneno yaliyosemwa huko nimeyapata kwake, naye ni mdai, kwa hiyo msomaji ayapime. Alisema alimkuta kijana amesimama na fundi, akamwuliza anajenga kwa ruhusa ya nani.

"Mama, hapa si ni kwa baba?"

"Baba yako alilima hapa. Mimi nilikuwa nampikia chai."

"Sasa mama, mtu akilima mahali mpaka anazeeka, mwenyewe atakuwa nani?"

Dada aliwaacha hapo. Alipanda mlima, akaenda kwa wazee.

Kwenye kikao cha wazee nilikuwapo, na hapo nasimulia nilichokiona. Walikaa chini ya ukuta wa nyumba ya mmoja wao, mahali pasipo na upepo, wanaume peke yao kama ilivyo desturi. Dada aliruhusiwa kueleza, kisha akaketi kando. Kijana akaeleza naye, kwa adabu na bila kupepesa macho. Baada yao wazee wakaulizana, mmoja mmoja, wanajua nini juu ya shamba lile. Mmoja alisema marehemu shemeji yangu aliwahi kumwambia kilabuni kwamba amemwazima mwenzake. Mwingine alisema yeye aliambiwa kwamba alimpa moja kwa moja, na aliyemwambia naye ni marehemu. Wa tatu alisema alisikia kwamba palitolewa ndama kuwa malipo. Nilipouliza nani alimwona huyo ndama, walinitazama kama mtu aliyekohoa wakati wa sala.

Wazee wale sikuwadharau, wala siwadharau leo. Walikuwa watu waadilifu waliofika mwisho wa wanachokijua. Na mtu wa kwetu akifika hapo, yapo mamlaka mengine ya kukata rufaa. Wakaamua kiapo cha udongo. Kila upande uchukue udongo wa shamba, uuweke ulimini, useme maneno yake. Aliyesema uongo, udongo utamdai kabla ya mavuno yajayo. Na sharti likawa lile la siku zote: kabla kiapo hakijajibu, asiwepo wa kwenda serikalini. Atakayekwenda atakuwa amekiri kwamba anakiogopa.

Niliomba kusema. Nikasema kwamba wakati tunausubiri udongo, mafundi hawatausubiri.

Mzee aliyekuwa akiongoza akacheka kwa upole. "Mwalimu, wewe umezoea kusahihisha madaftari. Hapa anayesahihisha ni udongo."

Watu wakacheka, na mimi nikakaa. Dada yangu akaapa. Kijana akaapa. Nilimtazama sana usoni alipokuwa akimeza ule udongo, na jambo moja likanisumbua njiani kurudi mjini: uso wake haukuwa wa mtu anayesema uongo.

Kilichofuata ni msimu wa uvumi, na katika maisha yangu sijauona mwingine kama huo. Kila aliyetoka Rhotia kuja sokoni alikuwa na habari ya kiapo. Ng'ombe wa kijana amekufa. Nikafuatilia, ng'ombe alikuwa wa jirani, naye alichinjwa kwa ajili ya kipaimara. Kijana amepatwa na ugonjwa wa kutetemeka. Nikafuatilia, nikaambiwa na aliyemwona kwamba ilikuwa alfajiri na alivaa shati jepesi. Kisha ikaja habari kubwa kwamba gari lake limepinduka kwenye mteremko wa kreta na yeye amevunjika mguu. Aliyenipa habari hiyo ni mwuza nyama, mtu mzima mwenye wajukuu.

"Uliliona gari?" nikamwuliza.

"Mwalimu, mji mzima unajua."

"Mji mzima haukuwa kwenye mteremko. Nani aliliona?"

"Aah, na wewe! Shida moja tu," akasema akiupitisha msumeno kwenye mfupa, "gari lile lina bima kubwa, atalipwa jingine. Sijui kiapo kitaanzia wapi."

Nilitoka pale nikavuka barabara, na mbele ya mgahawa nikamkuta marehemu mtarajiwa ameketi na madereva wenzake, sahani ya ndizi na nyama mbele yake, miguu yote miwili mizima chini ya meza. Akasimama haraka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimeambiwa umepinduka."

"Mimi? Labda kitandani, mwalimu." Wenzake wakaangua kicheko. Kisha akashusha sauti. "Najua watu wanasemaje. Lakini mimi niliapa nilichokijua. Kama ningejua ni uongo nisingeulamba ule udongo. Mimi nina watoto."

Nilimwamini. Ndipo nilipoelewa kilichonisumbua siku ile. Kiapo humwuliza mtu kama anayaamini anayoyasema. Hakimwulizi kama anayoyasema ni kweli. Hayo ni maswali mawili tofauti, na kati yake shamba zima linaweza kupotea huku pande zote mbili zikiwa na moyo safi.

Na kweli lilikuwa linapotea. Nilipokwenda Rhotia nilikuta msingi wa jiko umeinuka, na vitako vya saruji vya kuwekea mahema vimepangwa mstari. Nikamwambia dada twende kwa wakili. Akakataa. Alisema majirani watasema amekikimbia kiapo. Kwamba jumuiya yake ya kanisani imeshaanza kumtazama. Kwamba mimi nikirudi mjini yeye ndiye anayebaki na watu. Sikumlazimisha. Mtu anayelazimishwa kwenda kwa wakili humwambia wakili nusu ya habari.

Kilichombadilisha hakikuwa maneno yangu. Mafundi walihitaji njia ya gari kuingia bondeni, wakaukata uzio wa minyaa ambao shemeji aliupanda mwaka walipooana. Kesho yake asubuhi nilisikia bodaboda ikisimama mlangoni kwangu, dada akashuka akiwa amevaa nguo zake za ibada.

"Kaka, yuko wapi huyo wakili wako?"

"Na kiapo?"

"Niliapa kweli. Mtu aliyeapa kweli anaogopa nini kwenda popote?"

Nimesoma vitabu vingi kuliko dada yangu, lakini hoja fupi kuliko hiyo sijaisoma. Nikachukua kofia yangu.

Hapa niruhusiwe kusema jambo moja kabla ya kuendelea, kwa sababu watu hunijia wakiuliza kama kila ugomvi ni wa wakili. Hapana. Nina ndugu Mang'ola anayelima vitunguu kwa maji ya mfereji, naye aligombana na jirani juu ya zamu ya kumwagilia, akataka kuja mjini kutafuta wakili mwenye suti. Nilimwambia aende kwa kamati ya mfereji, kwa kuwa kamati ile inajua nani alifungua maji na nani aliyafunga, na wote wawili wataendelea kuyahitaji maji yale baada ya ugomvi. Walipatana kabla vitunguu havijasinyaa. Ugomvi wa zamu huisha. Mwenye kukosa leo hupata wiki ijayo. Lakini panapokuwa na kitu kisichorudi, yaani ardhi, nyumba, mirathi, au sahihi ya mtu kwenye karatasi asiyoielewa, hapo ni pa kuuliza mapema. Watu wetu humwendea wakili kama wanavyomwendea fundi wa majeneza. Wanafika wakiwa na kipimo cha marehemu mkononi.

Wakili tuliyemwendea alikuwa mwanamke kijana, ofisi yake iko ghorofani juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe inapanda ngazi pamoja na mteja. Alitukaribisha, akamwamkia dada kwa heshima, kisha akaanza kuuliza bila haraka.

"Shamba ni la nani, mama?"

"La mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Ametangulia mbele za haki."

"Basi sasa msimamizi wa mirathi yake ni nani?"

"Ni mimi. Ukoo ulikaa ukanichagua. Wote walitia sahihi."

"Na mahakama?"

Dada akanitazama. Mimi nikatazama dirishani. Mahakama haikuwahi kuulizwa. Tulikuwa tumeamini, kama nusu ya wilaya inavyoamini, kwamba ukoo ukishachagua, mtu amechaguliwa. Wakili akatueleza kwamba ukoo hupendekeza tu. Anayeteua ni mahakama. Mali ya marehemu haina mdomo wa kudai mpaka mahakama impe mtu mdomo huo. Kama dada angefungua shauri siku ile kwa jina lake, upande wa pili ungeacha miezi ipite, halafu ungesimama na kusema: huyu si msimamizi, hana haki ya kudai. Shauri lingetupwa nje bila mtu kuuliza shamba ni la nani.

"Nimeona watu wakishindwa hivyo na haki yao iko mkononi," akasema. "Na hii sehemu ya kwanza, mama, hunihitaji mimi. Nenda Mahakama ya Mwanzo mwenyewe, na cheti cha kifo na huo muhtasari wa ukoo. Watabandika tangazo, mwenye pingamizi aje. Ukipata uteuzi, rudi."

Nilimheshimu tangu hapo. Wakili anayekwambia mahali usipomhitaji, unaweza kumwamini anapokwambia unamhitaji.

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mzee utakuwa shahidi?"

Nikasema ndiyo, kwa uhakika. Nikasema najua vizuri sana kwamba shamba liliazimwa.

"Ulikuwepo walipoazimana?"

"Sikuwepo. Shemeji yangu mwenyewe aliniambia, tena zaidi ya mara moja."

Akaweka kalamu mezani taratibu. "Kwa hiyo uliambiwa."

Dada yangu alifunika mdomo kwa kanga, na mabega yake yakatikisika. Swali lile sikuliacha shuleni; hata yeye, nyumbani, alikuwa miongoni mwa niliowarudisha kwa waliowaambia. Wakili alikuwa sahihi, na palipo na usahihi mimi sibishani. Elimu yangu, umri wangu na sauti yangu nzito, vyote kwa pamoja, havikuwa na uzito wa mtu mmoja aliyekuwepo akaona.

"Tutafute aliyeona," akasema wakili. "Huyu aliyeazimwa, alikuwa anatoa chochote? Si kodi. Chochote cha kuonyesha kwamba yeye ni mgeni pale."

"Maharage," dada akajibu mara moja, kana kwamba ameulizwa jina lake. "Kila mavuno lilikuja kapu la kwanza la maharage ya bondeni. Ndiyo ilikuwa shukrani yao."

"Nani alileta? Yeye mwenyewe?"

"Mwanaume abebe kapu la maharage mpaka jikoni kwangu? Alileta mke wake. Mama wa huyu kijana. Hata waume zetu walipokufa aliendelea, mpaka magoti yakamshinda, nikamwambia mwenzangu usijitese na mlima huu, acha."

Nilikifikiria kikao cha wazee, wanaume wote wale waliobadilishana walichoambiwa na wafu, na jinsi hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyekumbuka kwamba kitu chenyewe kilipita migongoni mwa wanawake, kutoka jiko hadi jiko.

"Yupo hai?" wakili akauliza.

"Yupo. Tunakaa benchi moja kanisani."

"Basi huyo ndiye shahidi wako."

Dada akatikisa kichwa. "Siwezi kumwita mwanamke aje amseme mwanawe."

"Baraza la ardhi litamwita kwa hati. Hataitwa na wewe."

"Hati itaandikwa kwa kuwa mimi nimesema." Akanyanyuka. "Acha kwanza nimwambie mwenyewe."

Tulikwenda. Nyumba ya yule mama iko ng'ambo ya korongo, na mimi nilibaki uani kwenye kigoda, hatua chache kutoka mlango wa jiko uliokuwa wazi. Kwa hiyo haya nimeyasikia kwa masikio yangu.

"Umevuka korongo kwa miguu hiyo?" yule mama alisema. "Nilidhani umeshaniwekea uadui."

"Uadui wa nini, mwenzangu? Nimekuja kukwambia utaitwa barazani. Sikutaka uletewe hati na mtu mgeni."

"Nikamseme mwanangu."

"Ukaseme ulichokibeba."

Nikasikia kuni zikisogezwa.

"Unajua," yule mama akaanza tena, "yeye alizaliwa tumeshahamia. Akafumbua macho akamwona baba yake analima. Mtoto akimwona baba yake analima, anajua shamba ni la baba. Nani alimwambia vingine? Baba yake alikuwa mtu wa aibu. Angeanzaje kumwambia kijana wake wa kiume, tunaishi kwa kuazima?"

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nabeba kapu. Nilidhani anaona."

"Ungekuja siku ile ya wazee."

"Niliitwa na nani? Uliitwa wewe kwa kuwa huna mume. Mimi nina mtoto wa kiume, ikahesabiwa nimesema." Kisha akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Haya, kunywa chai yako. Mimi sitaomba uninyamazie, na wewe usiniombe nitie chumvi. Nitasema nilichobeba. Shamba la nani, wasiniulize mimi."

Dada alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

Mambo ya sheria yalikwenda kwa mwendo wake, nao si wa haraka, lakini ni mwendo unaojulikana unakoelekea. Dada alikwenda Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa, hakutokea mwenye pingamizi, akateuliwa. Tukapitia Baraza la Kata kwanza, kwa kuwa sheria inataka watu wajaribu kupatanishwa, na usuluhishi uliposhindikana tukapewa hati ya kwamba umeshindikana, wakili akafungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Jambo la kwanza aliloomba lilikuwa zuio la muda, kazi isimame mpaka shauri liishe. Lilitolewa. Kile ambacho udongo haukukifanya kwa msimu mzima, karatasi yenye mhuri ilikifanya: mafundi walifunga kamba zao wakaondoka.

Rhotia kulikuwa na maneno. Dada aliambiwa amekisaliti kiapo. Mwanamke mmoja alihama benchi kanisani. Dada aliendelea kukaa pale pale alipokuwa akikaa siku zote, na Jumapili iliyofuata yule mama mwenye magoti mabovu alikuja akaketi karibu naye, akasogeza kitabu cha nyimbo katikati yao kwa kuwa alikuwa amesahau miwani. Hilo niliambiwa, nikaenda Jumapili nyingine kuhakikisha. Ni kweli.

Siku ya ushahidi mimi sikuitwa kusema, nikaketi nyuma. Yule mama aliapa, akakataa kiti, akasimama ameshika fimbo. Mwanawe alikuwa mbele yake, upande wa pili wa chumba.

Wakili akamwuliza alikuwa akipeleka nini na wapi baada ya mavuno. Akajibu: kapu la maharage, jikoni kwa huyu mama. Akaulizwa ni kwa nini. Akasema mume wake alimwagiza: peleka kwa mwenye shamba kabla hatujala sisi.

Kijana hakuwa na wakili; alikuwa amesema hamhitaji, kwa kuwa kila mtu anajua. Akapewa nafasi ya kumhoji shahidi. Akasimama. Akamgeukia mama yake.

"Mama," akasema, na sauti ikawa ya mtoto, "mbona hukuniambia?"

Mwenyekiti akamwambia aulize swali linalohusu shauri. Yule mama akageuka kwa mwenyekiti.

"Linahusu," akasema. Kisha akamjibu mwanawe: "Ulikuwa huniulizi. Ulikuwa unauliza wanaume."

Kijana akaketi.

Uamuzi ulisomwa baadaye, na nilikuwapo. Baraza lilisema mwalikwa hawi mwenye nyumba kwa kukaa sana. Aliyeingia kwa ruhusa hubaki kuwa wa ruhusa, na mwanawe hurithi ruhusa ile tu, si ardhi. Kijana alielezwa haki yake ya kukata rufaa na muda wake. Wakili wetu mwenyewe, tukiwa kwenye ngazi, alimshauri aonane na wakili mwingine kabla muda huo haujapita, ili kama ataacha, aache akijua. Sijui kama alikwenda. Rufaa haikuja.

Alikuja yeye. Nilikuwa kwa dada siku hiyo, tunapukuchua mahindi. Aliacha gari juu barabarani akateremka kwa miguu, bila miwani.

"Mama, shikamoo. Mwalimu, shikamoo."

Tukaitikia. Akakaa juu ya gogo, akazungusha funguo kidoleni. Akasema anaomba wapatane: yeye amalizie kempu, na wageni wakija dada apate sehemu yake, waandikishane mbele ya mwanasheria, kila kitu wazi.

Lilikuwa pendekezo la maana, na moyoni mwangu nilianza kulipima. Dada hakulipima.

"Mwanangu, sikuchukii," akasema. "Mama yako aje alime mistari yake upande wa juu kama magoti yatamruhusu, hilo nitalitia kwenye maandishi leo hii. Lakini bonde sikulidai nikalikodishe. Nimelidai nikalilime. Mawe yako yatoe kabla ya mvua."

"Na msingi, mama? Ule umeshashika. Kuuvunja ni kazi."

"Basi kazi hiyo ni yako."

Alitoa mawe yaliyokuwa yamelundikwa, na vitako vya mahema akaving'oa kimoja kimoja kwa nyundo, yeye na wenzake wawili. Msingi wa jiko ulimshinda. Mvua zikaanza, safari za watalii zikambana, na msingi ukabaki umesimama katikati ya shamba, vyumba viwili na kibaraza, wa mawe yaliyochongwa vizuri. Nilimwambia dada tumwandikie wakili.

"Kwa ajili ya mawe?" akasema. "Kaka, na wewe sasa umenogewa."

Asubuhi ya kupanda nilikuwa nimesimama ukingoni kwa fimbo yangu. Ng'ombe wa kulimia walizunguka ule msingi pande zote, wakaacha ukingo mwembamba usiofikiwa na jembe. Dada akachukua jembe la mkono, akaulima ukingo ule mwenyewe. Kisha akauruka ukuta mfupi, akaingia katika kile kilichokusudiwa kuwa jiko la wageni, akainama, na kuanza kuchimba mashimo ya mbegu, mstari wa kwanza ukifuata ukuta, akirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo wake ulipogusa mawe ya upande wa pili.